Mtoto Wetu Katika Nyumba ya Watu

Mwezi huu tunaomba tuzungumze juu ya jambo lililotunyima usingizi hapa nyumbani kwetu, nalo twajua linawagusa wengi wenu. Ni jambo la mtoto anayevuka mpaka kwenda kusoma, na huko aendako hakuna bweni wala shangazi, bali anakwenda kukaa na familia asiyoijua.

Binti yetu wa pili alipata nafasi katika chuo kimoja huko Kigali. Bweni lilikuwa limejaa. Mama mmoja tunayesali naye akatusaidia kupata familia iliyokubali kumpokea, nasi tukaahidi kuchangia chakula kila mwezi. Baba watoto aliuza ndama wawili na magunia ya maharage, ada ikalipwa. Hati ya kusafiria ikapatikana. Sanduku likafungwa. Tukajipongeza kwamba maandalizi yamekwisha.

Usiku wa mwisho, tulipokuwa tukiosha vyombo, binti yetu akatuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, nikiamka usiku nina kiu, nitaruhusiwa kuingia jikoni kwao?"

Tulishindwa kujibu mara moja. Kwa miezi mitatu tulikuwa tumemwonya juu ya vijana wa mjini, juu ya matapeli wa stendi, juu ya kuacha sala. Juu ya kikombe cha maji hatukuwa tumesema neno. Na baada ya swali hilo la kwanza, mengine yakamiminika. Nguo za ndani ataanika wapi? Akiwa katika siku zake, atatupa wapi pedi? Wakipika kitu kisichompanda? Baba na mama wa nyumba ile wakigombana mbele yake, yeye akae au atoke? Na yule mama amwite nani, kwa kuwa "Mama" anaye mmoja tu?

Hapo tukaelewa kwamba mtoto wetu hakuwa na hofu ya masomo, wala ya Kigali. Hofu yake ilikuwa nyumba.

Hofu isiyo ya utoto

Tusikimbilie kumcheka mtoto wa namna hii, au kumwambia kwamba ameshakuwa mtu mzima. Nyumbani kwake mtu anajua mambo mia moja bila kuambiwa. Anajua kiti cha baba ni kipi, mlango upi hulia usiku, na ni saa ngapi mama hapendi kusemeshwa. Akihamia kwa watu, mambo hayo mia yote yanafutika kwa siku moja, naye anaanza tena kama mtoto anayejifunza kutembea, tena mbele ya macho ya wageni. Nani asingeogopa? Sisi wenyewe tulioolewa tunakumbuka juma letu la kwanza katika mji wa wakwe, jinsi tulivyoogopa hata kukohoa.

Watu wengine walituambia, "Rwanda si mbali, ni hapo ng'ambo tu." Ni kweli kwamba kutoka njia panda yetu, yanapolala malori ya Rwanda na Kongo, hadi daraja la Rusumo ni mwendo mfupi. Lakini ukivuka daraja lile, gari linahama kutoka mkono wa kushoto kwenda mkono wa kulia. Saa inarudi nyuma saa moja nzima. Shilingi inageuka faranga. Tulimwambia binti yetu kwamba huko, kabla ya kuvuka barabara, atazame kwanza kushoto. Tulimtolea nguo zake katika mifuko ya plastiki, kwa maana Rwanda iliipiga marufuku tangu 2008, miaka kumi na zaidi kabla ya sisi kufanya hivyo 2019. Tulimweleza juu ya umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, ili asishangae akiona nyumba nzima inatoka na majembe na mafagio.

Lugha nayo ina mtego wake. Kihangaza chetu na Kinyarwanda vinasikilizana, na Kiswahili kimekuwa miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda tangu 2017. Kwa hiyo mtoto wa Ngara huenda akadhani anaelewa kila kitu. Anayejua kwamba haelewi huuliza. Anayeelewa nusu hanyamazi wala haulizi, naye ndiye anayekosea. Tulimwagiza aseme bila haya, "Samahani, neno hili kwetu lina maana nyingine."

Benaco inajua habari za kukaa kwa watu

Sisi wa hapa hatuna haki ya kusema kwamba jambo hili ni geni. Hata jina la mahali petu ni la wageni, lilitokana na kampuni ya Kiitaliano ya kujenga barabara iliyokuwa na kambi yake hapa. Na wale wenye umri wetu hawajasahau Aprili 1994. Kati ya tarehe 28 na 29 ya mwezi ule, kwa muda wa siku moja tu, watu zaidi ya 150,000 walivuka daraja la Rusumo wakiyakimbia mauaji na vita vya Rwanda. Vilima vya Benaco vikageuka mji wa mahema. Kambi zile zilidumu hadi Desemba 1996, wakimbizi waliporudishwa kwao.

Katika umati ule walikuwamo watoto wengi waliopoteana na wazazi wao njiani. Wengi wao walipokelewa na familia nyingine za wakimbizi, katika mahema yaleyale ambayo tayari yalikuwa na watoto watano au sita. Mama ambaye hakuwa na kitu alimsogeza mwanawe pembeni ya mkeka ili mtoto wa mwenzake apate pa kulala. Hatutaki kupamba habari hii kupita kiasi. Walikuwapo watoto waliolelewa kama waliozaliwa na mama yule. Walikuwapo pia waliogeuzwa kuwa wateka maji na wabeba kuni, wakala mwisho na kulala mwisho.

Kitu kimoja tulijifunza kutoka kwa wale waliokuwa wakiwahudumia watoto. Hawakutosheka kumpeleka mtoto katika hema na kwenda zao. Waliandika jina lake, la wazazi wake na la kilima alikotoka. Walirudi kumtazama. Na mwaka 1994 redio ya BBC ilianza kipindi cha Gahuzamiryango, jina lenye maana ya kuunganisha familia, kilichosoma majina ya watu waliotafutana. Mtoto aliyekuwa na mtu wa kuuliza habari zake hakuwa sawa na yule ambaye hakuna aliyemwulizia.

Binti yetu si mkimbizi, ashukuriwe Mungu. Anakwenda kwa hiari yake, ana hati mkononi na wazazi wenye simu. Lakini somo ni lilelile. Mtoto aliye katika nyumba ya watu anahitaji kuulizwa habari zake, na wenye nyumba wanahitaji kujua kwamba yupo anayeuliza.

Kanzu ndogo ya Hana

Mama wa Biblia aliyetufaa zaidi katika siku zile ni Hana. Twakumbuka jinsi alivyomwomba Mungu mtoto kwa machozi, kisha akampeleka Samweli, angali mdogo, akakae hekaluni kwa kuhani Eli. Mahubiri mengi husifu kule kumtoa. Sisi tulishikwa na jambo dogo linalofuata, kwamba kila mwaka Hana alimshonea mwanawe kanzu ndogo na kumpelekea. Akina mama, ili kushona kanzu inayomtosha mtoto lazima ujue amekua kiasi gani. Hana hakumtoa na kumsahau.

Tena tusisahau kwamba nyumba ile ilikuwa ya kuhani, na bado wana wa Eli walikuwa watu wabaya. Tunalisema hili kwa sababu wengi wetu tukisikia "ni familia ya kanisani" huwa tunalala usingizi mzito. Kanisani ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Si mahali pa kuachia kuuliza.

Yale tuliyoyafanya, na tuliyochelewa kuyafanya

Kwanza, tulikwenda sisi wenyewe. Nauli iliuma, lakini tulitaka kuona mlango anaoingilia mtoto wetu. Tuliona chumba chake, tukaona kwamba kina kitasa kinachofungwa kwa ndani, tukajua nani wengine wanalala katika nyumba ile. Tulisalimiana na jirani mmoja na kuandika namba yake ya simu.

Pili, tulimwuliza mama wa nyumba maswali yale madogo, mbele ya binti yetu, ili asibaki nayo peke yake. Maji ya kunywa yanakaa wapi? Nguo zinaanikwa wapi? Mlango unafungwa saa ngapi? Mama yule alicheka, kisha akatuambia neno lililotushangaza. Alisema kwamba yeye naye hakulala usiku ule. Alikuwa amehangaika kama mtoto wa Kitanzania atakula viazi na isombe kila siku, kama atadharau kitanda chao, kama atakwenda kusimulia siri za nyumba yake. Tulikuwa tunaogopana! Kumbe mwenyeji naye anapokea mtu asiyemjua.

Tatu, tulipanga maneno ya siri. Simu ni baraka, ila mtoto aliye sebuleni kwa watu hawezi kusema yaliyo moyoni. Ukimwuliza, atajibu "nzuri tu", kwa sababu wenye nyumba wamekaa pale. Basi tukakubaliana kwamba akituuliza, "Mbuzi wa bibi amepona?" maana yake ni kwamba kuna jambo, tutafute namna ya kuzungumza. Wanafunzi 81 wa Kenya waliokwea ndege kwenda Marekani mwezi Septemba 1959, katika mpango wa Tom Mboya, waliwaacha mama zao wakingoja barua kwa siku nyingi. Sisi tunaisikia sauti ya mtoto usiku uleule. Tusiipoteze kwa kuuliza tu kama amekula.

Mwezi wa pili ulipokuwa ukielekea mwisho, simu ikaja. Masomo nzuri, hali nzuri, wote wazima. Kisha, "Mama, mbuzi wa bibi amepona?"

Hatukulala. Alhamisi yake tulikuwa darajani Rusumo asubuhi na mapema, mioyo ikidunda. Njiani tulikwisha kuwaza mabaya yote ambayo mama anaweza kuwaza.

Tulimkuta amekonda. Tukatoka naye kutembea kidogo, naye akasema. Hakuna aliyemgusa wala kumtukana. Mama wa nyumba alikuwa amepata kazi ya jioni, naye akawa anamwachia watoto watatu kila siku hadi saa nne usiku. Binti yetu alipika, akawaogesha, akawalaza, ndipo akafungua daftari. Darasani alikuwa anasinzia. Tena alikuwa halali na shibe, maana tangu utoto tulimfundisha kwamba msichana mwenye adabu haombi kuongezwa chakula.

"Mbona hukumwambia?" tukamwuliza.

"Ningemwambiaje, Mama, na wamenipokea bure?"

Lilituchoma neno lile. Hakupokewa bure, tulichangia. Hata angekuwa amepokewa bure, alikwenda pale kusoma. Lakini kosa la kwanza lilikuwa letu. Tuliulizia maji na kamba ya nguo, tukasahau kuuliza kazi.

Jioni tulikaa na mama wa nyumba. Tulianza kwa kumshukuru, na shukrani ile haikuwa ya uongo. Kisha tukamwambia, "Dada, tumekuja kuomba tupange pamoja." Tulipomweleza, aliweka mkono mdomoni. Alidhani mtoto anafurahia kukaa na wadogo zake, kwa kuwa kila alipoombwa alitabasamu. Alidhani hali vizuri kwa sababu hapendi chakula chao, na lilikuwa limemwumiza kimya kimya. Tabasamu la mgeni, akina mama, si jibu. Mara nyingi ni woga uliovaa nguo ya Jumapili.

Tulipatana kwamba atakaa na watoto jioni mbili kwa juma, na Jumamosi atasaidia kufua. Jioni nyingine ni za masomo. Na sahani yake atajipakulia mwenyewe. Tangu siku ile mbuzi wa bibi hajaugua tena.

Mgeni na jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nasi tunakubali. Mtoto anayekaa kwa watu na kungoja kupakuliwa ni aibu kwa mama yake. Afagie, aoshe vyombo, ajitolee kabla ya kuombwa. Kazi humfanya awe mtu wa nyumba, na hupunguza ule woga wa siku za kwanza, kwa sababu mikono yenye kazi haijui pa kujificha. Lakini jembe si kongwa. Tofauti ni hii: je, kazi anayopewa ni ile ambayo watoto wa nyumba ile nao wanaifanya? Je, inamwachia muda wa lile lililompeleka? Kama sivyo, huyo si mgeni wala mtoto, amekuwa mtumishi asiye na mshahara. Ni vizuri kulipanga siku ya kwanza, mbele ya wote, kabla uchungu haujaingia.

Hofu nyingine si ya kuzungumza, ni ya kuondoka

Tumesema kwamba yetu iliisha kwa mazungumzo. Tusidanganyane kwamba zote huisha hivyo. Yapo mambo ambayo mtoto hapaswi kuyavumilia hata siku moja: mwanamume wa nyumba anayeingia chumbani mwake, mtu anayemshika asivyotaka, hati yake ya kusafiria kufichwa, kupigwa, kunyimwa simu. Mwambieni binti, na mvulana vilevile, kabla hajaondoka: "Likitokea hilo, ondoka siku hiyohiyo. Nenda kwa jirani, nenda chuoni, nenda polisi. Ada si kitu. Sisi tutakuamini." Maneno hayo mawili ya mwisho yana uzito kuliko sanduku zima. Watoto wengi hukaa kimya kwa kuogopa kwamba mama atauliza, "Wewe ulifanya nini?"

Kwa hiyo awe na nakala ya hati zake mahali pengine, na fedha kidogo ya nauli ambayo haiguswi kwa vocha wala chipsi. Ahakikishe pia kibali chake cha mwanafunzi kimetimia, mkaulize uhamiaji mapema. Mtu ambaye karatasi zake ni halali haogopi kwenda kuomba msaada.

Kwa wewe unayepokea

Huenda unayesoma haya hupeleki mtoto, bali unapokea. Benaco na Ngara tunapokea pia, watoto wa ndugu, wanafunzi kutoka vijijini, na wengine wa kutoka ng'ambo. Tunakuomba jambo moja jepesi. Siku ya kwanza, kabla ya chakula, mtembeze mtoto yule nyumba nzima. Mwonyeshe mtungi na kikombe chake, choo, kamba ya nguo, swichi ya taa. Mwambie unapenda aitweje wewe, naye anapenda aitweje. Kisha baada ya juma moja mwulize, mkiwa wawili, "Nini kigumu kwako hapa?" Akijibu "hakuna", usitosheke. Uliza tena juma linalofuata.

Binti yetu sasa anaelekea kumaliza mwaka wa kwanza. Alipokuja likizo tulimwuliza anamwitaje yule mama wa Kigali. Akainama kidogo, akasema, "Namwita Mama. Lakini wewe nakuita Mama wa Benaco."

Tulikiri kwamba lilituchoma kidogo, akina mama, msitucheke. Kisha tukaketi tukashukuru. Mwezi ujao anarudi chuoni, nasi tumekwisha kununua kitambaa cha kumshonea gauni. Tumempima tena, maana lile la mwaka jana limembana mabegani.

Tubaki na amani hadi mwezi ujao.